Deki ya Bei Nafuu Kwenye Mashindano ya Duka la Mtaani: Mwongozo Kamili wa Kucheza Pauper

Nilipohamia Columbus, Ohio, nilianza kucheza Magic: The Gathering, mchezo wa karata, kila Ijumaa jioni kwenye duka la michezo karibu na nyumbani. Deki yangu ya kwanza niliiunda kwa kuiga deki ya Modern, mmoja wa mifumo ya mashindano, iliyokuwa ikiuzwa dola 600. Kila karata ghali niliyoshindwa kuinunua, nilichomeka mahali pake nyingine ya bei ndogo inayofanana nayo kidogo. Nilicheza raundi nne nikafungwa zote nne. Sikufungwa kwa bahati mbaya. Deki ile ilikuwa nyumba niliyong'oa nguzo zake nikabakisha mapazia.

Miezi miwili baadaye nilirudi na deki ya dola 45 hivi, nikashinda raundi tatu kati ya nne. Kilichobadilika ni jambo moja: safari hii nilichukua deki ambayo tangu mwanzo imeundwa kwa karata za bei ndogo, ikiwa kamili, bila pengo hata moja. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo, kuanzia kuuliza dukani hadi kupokea zawadi. Nimeuandika kwa anayejua sheria za msingi za mchezo lakini bado anasita kuingia mashindanoni kwa sababu ya hela.

Hatua ya 1: Uliza duka linachezesha nini

Usinunue karata hata moja kabla ya kuuliza. Magic ina mifumo mingi ya mashindano, na kila mmoja una karata zake zinazoruhusiwa. Deki za Modern hufika dola mia kadhaa, na nyingine hupita 1,000. Mfumo ninaokushauri unaitwa Pauper, yaani fukara, na sheria yake kuu ni moja: kila karata kwenye deki lazima iwe imewahi kuchapishwa katika daraja la chini kabisa, lile la karata za kawaida.

Daraja utalitambua kwa rangi ya alama ndogo iliyo upande wa kulia, chini ya picha: nyeusi ni ya kawaida, fedha ni ya wastani, dhahabu ni adimu, na rangi ya chungwa yenye wekundu ni adimu zaidi. Utaratibu huu wa rangi ulianza mwaka 1998, kwa hiyo karata za kabla ya hapo hazikuambii chochote kwa rangi.

Hapa wengi hukosea. Kinachotazamwa ni kama karata imewahi kutoka kama ya kawaida, si alama iliyo kwenye nakala uliyoishika. Lightning Bolt, kwa mfano, iko kwenye toleo la Modern Masters la mwaka 2015 ikiwa na alama ya fedha. Nakala hiyo ni halali kabisa kwenye Pauper, kwa kuwa karata yenyewe imetoka mara nyingi kama ya kawaida. Ukiambiwa mezani kwamba haifai, usibishane. Mwite mwamuzi athibitishe.

Tazama pia orodha rasmi ya karata zilizopigwa marufuku, na uitazame tena wiki ya mashindano. Wizards of the Coast, watengenezaji wa Magic, waliunganisha orodha ya mezani na ya kwenye kompyuta mwaka 2019, na tangu 2022 ipo kamati maalumu inayoufuatilia mfumo huu. Kamati hiyo hufanya kazi kweli: Machi 2025 ilipiga marufuku Kuldotha Rebirth, karata ambayo deki moja nyekundu iliyopendwa sana ilikuwa imeijengea matumaini yote.

Kama dukani kwenu hawachezeshi Pauper, zungumza na mwenye duka. Watu wanane wanatosha kwa jioni moja, na mwenye duka akiona watu wanane wanalipa kiingilio, atakusikiliza. Kama mtaa wenu hucheza karata za Pokémon, deki zinazouzwa tayari kwa jina la League Battle Deck zinachezeka vizuri siku hiyo hiyo unapozinunua. Kwa Yu-Gi-Oh!, mchezo mwingine wa karata, njia ya miaka mingi ni kununua deki tatu zinazofanana za Structure Deck, kwa kuwa mchezo ule unaruhusu nakala tatu za kila karata, kisha kuchagua zilizo bora ndani yake. Yaliyobaki hapa ni ya Pauper.

Hatua ya 2: Chagua deki moja, ukae nayo

Kuna deki nyingi nafuu zinazoshinda: za viumbe wadogo weupe, za Elves, za buluu zinazotegemea Tolarian Terror. Mimi namshauri anayeanza aingie na deki ya moto, nyekundu tupu. Ardhi zake, yaani karata zinazotoa mana ya kulipia karata nyingine, ni Mountain za kawaida, ambazo maduka mengi hukupa bure au kwa senti chache. Nia yake haina utata: mpinzani ana uhai 20, na karata nyingi za deki hii humchoma 3 kwa mana moja. Moto saba ni 21.

Orodha yangu ya karata 60 ni hii:

4 Lightning Bolt
4 Chain Lightning
4 Lava Spike
4 Rift Bolt
4 Skewer the Critics
4 Fireblast
4 Searing Blaze
2 Lava Dart
4 Thermo-Alchemist
4 Ghitu Lavarunner
4 Keldon Marauders
18 Mountain

Na karata 15 za akiba, ambazo huruhusiwa kuingizwa baada ya mchezo wa kwanza:

4 Pyroblast
4 Smash to Smithereens
3 Relic of Progenitus
2 Electrickery
2 Flaring Pain

Usiibadilishe kabla hujacheza nayo michezo 20. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu nimeona wachezaji wengi wakitoa karata mbili kila wiki na kuingiza nyingine mbili. Baada ya mwezi hawajui deki yao inafanya nini. Hela uliyookoa kwenye karata, ilipe kwa muda wa mazoezi.

Hatua ya 3: Nunua kwa karata moja moja

Usifungue pakiti. Pakiti ya kawaida inayouzwa siku hizi ina karata 14 kwa dola 5 hivi, na hujui zitakazotoka. Kwa hela hiyo hiyo unapata Keldon Marauders zote nne na chenji inabaki.

Anza na sanduku la karata za kawaida lililopo karibu kila duka, lile la senti kumi kumi au ishirini na tano. Keti chini, lipekue lote. Utaokota pale nusu ya viumbe na karata kadhaa za moto. Zitakazokosekana, waulize wachezaji wenzako. Karata za daraja hili watu wanazo za ziada, na wengi watakuazima au watabadilishana nawe bila hesabu kali. Zitakazobaki kabisa, agiza mtandaoni, zote kwa muuzaji mmoja ili gharama ya usafirishaji isimeze ulichookoa. Chagua zilizochakaa kidogo. Kona iliyofifia haizuii karata kucheza, na ndani ya mfuko wa plastiki haionekani.

Jihadhari na karata inayouzwa kwa bei ya kutupa na muuzaji asiyejulikana. Karata bandia haziruhusiwi kwenye mashindano rasmi, na karatasi uliyojichapishia nyumbani ni ya mazoezi tu.

Mahali pamoja pa kutobana hela ni mifuko ya karata. Nunua pakiti ya mifuko 100 isiyopitisha mwanga mgongoni. Mifuko ya zamani yenye mikunjo au makucha upande mmoja inaweza kumfanya mwamuzi aone kwamba karata zako zina alama. Ukiwa na 75 ndani, 25 inabaki kubadilishia itakayochanika.

Hatua ya 4: Jifunze kuhesabu kabla ya kujifunza kucheza

Deki ya moto ni hesabu. Ukianza wewe, kufikia zamu yako ya nne utakuwa umeona karata 10: saba za mwanzo na tatu za kuvuta. Tatu zikiwa ardhi na saba zikiwa moto wa 3, umemaliza. Ndiyo maana kila karata inayopotea bure inaumiza. Ukitumia Lightning Bolt kwa kiumbe ambaye asingekuwahi, umejichelewesha zamu nzima.

Ukiwa na ardhi 18 kati ya 60, mkono wa kwanza wa karata saba utakuja na ardhi moja au bila ardhi karibu mara tatu katika kumi. Ni nyingi, kwa hiyo amua mapema utafanya nini. Kanuni yangu: ardhi mbili au tatu, nabaki nao. Ardhi moja, nabaki nao tu kama mpinzani ndiye anayeanza na karata nyingine zote, au karibu zote, ni za mana moja. Ardhi tano, narudisha. Ukirudisha mkono unavuta saba upya, kisha unapeleka moja chini ya deki, kwa hiyo bado unachagua. Watu wa deki nafuu huogopa kurudisha mkono kama vile wamelipia kila karata mara mbili. Usiogope.

Sasa mpangilio, maana hapa ndipo pointi zinapookotwa. Skewer the Critics ni ya mana tatu, lakini hushuka hadi moja kama mpinzani amepoteza uhai zamu hiyo. Basi tanguliza kitu cha kumchoma. Tuseme unayo Thermo-Alchemist tangu zamu iliyopita na ardhi mbili. Ilaze kwanza, yaani igeuze ubavu kuonyesha umeitumia: mpinzani anapoteza 1. Piga Skewer kwa mana moja: Alchemist inasimama papo hapo, na Skewer inachoma 3. Ilaze tena: 1. Piga Lava Spike kwa mana iliyobaki: Alchemist inasimama, Spike inachoma 3. Ilaze mara ya tatu: 1. Jumla ni 9 kwa ardhi mbili. Anayeanza na Lava Spike huku Alchemist ikiwa imesimama hupoteza pointi 1 bila kujua, kwa kuwa karata iliyosimama haiwezi kusimamishwa tena.

Rift Bolt ukiiweka pembeni kwa mana moja, itapigwa mwanzoni mwa zamu yako inayofuata, kabla ya kuvuta. Iweke juu ya deki yako, dado juu yake, ili mkono ukienda kuvuta uigonge kwanza. Keldon Marauders ni pointi 2 za uhakika, moja inapoingia na moja inapoondoka, na ni 5 asipozuiwa.

Halafu kuna Fireblast. Badala ya mana sita, unaweza kutoa sadaka Mountain mbili na kuchoma 4. Siku moja kijana wa familia ya Kikongo tuliyekuja naye alikuwa amesimama nyuma yangu. Mpinzani alikuwa na uhai 10, mimi nina Mountain tatu, na mkononi nina Lightning Bolt, Lava Spike na Fireblast. Nikalaza Mountain zote tatu nikapata mana tatu nyekundu. Bolt, akabaki 7. Spike, akabaki 4. Kisha nikazichukua Mountain mbili, zile zile zilizokwisha kulala, nikazipeleka kaburini, kwenye rundo la karata zilizokwisha kutumika.

“Kaka, juu ya nini unatupa milima yako?” akaniuliza.

“Zimeshanipa mana, mdogo wangu. Hesabu alichobaki nacho.”

Ardhi iliyolala bado inaweza kutolewa sadaka. Laza kwanza, toa baadaye. Lakini Fireblast iwe ya mwisho siku zote: mpinzani mwenye buluu akiizuia, moto umepotea na milima miwili imekwenda nao. Subiri alaze ardhi zake, ndipo uipige.

Hatua ya 5: Jua wa kumchoma na wa kumwacha

Swali la kila zamu ni hili: kati yangu na yeye, nani ana haraka zaidi? Mbele ya Elves, choma kiumbe wa kwanza anayetoa mana, tena zamu ya kwanza. Ukimwacha, zamu ya tatu meza imejaa. Searing Blaze inafaa hapo, ila ipige zamu uliyoshusha ardhi, maana bila hivyo inamchoma mpinzani 1 na kiumbe wake 1, badala ya 3 na 3. Kwa hiyo ukiishika, usiharakishe kushusha ardhi yako ya tatu kabla kiumbe hajatokea. Mbele ya deki ya polepole, viumbe wake waache. Moto wote uende kwake.

Adui mkubwa wa deki hii ni Weather the Storm ya kijani. Kwa mana mbili humrudishia mpinzani uhai 3, na hujirudia kwa kila karata nyingine iliyopigwa zamu hiyo, zikiwemo zako. Nimewahi kupiga moto wanne kwa zamu moja, na mpinzani akajibu kwa kupata 15. Tangu siku hiyo, nikiona ardhi mbili za kijani zimesimama baada ya mchezo wa kwanza, napiga moto mmoja mmoja kila zamu, na silimbikizi mkononi.

Kuhusu akiba: Pyroblast ni ya wapinzani wa buluu. Smash to Smithereens ni ya Affinity, deki iliyojaa karata za vifaa; inavunja kifaa na kuchoma 3 kwa pamoja. Relic ni ya wanaotegemea kaburi, Electrickery ya viumbe wadogo wengi. Flaring Pain ni ya weupe wanaozuia moto kwa Prismatic Strands. Andika nyumbani, kwa kila deki unayoitarajia, zipi zinaingia na zipi zinatoka. Usiingize zaidi ya tano au sita; ukipunguza moto sana, hesabu ya saba mara tatu inavunjika.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fika nusu saa kabla. Uwe na kalamu, daftari dogo, dado, maji na orodha ya karata zako 75 iliyoandikwa vizuri. Maduka mengi huandikisha watu kwa programu ya simu ya Wizards iitwayo Companion, kwa hiyo ipakue ukiwa nyumbani.

Mashindano haya huwa ya mfumo wa Uswisi: ukifungwa hutolewi, unapangwa na mwenye pointi kama zako. Ushindi ni pointi 3, sare 1. Watu wanane hucheza raundi tatu, 17 hadi 32 hucheza tano. Kila raundi ni dakika 50, mshindi ni wa michezo miwili kati ya mitatu, na muda ukiisha mnapewa zamu tano za nyongeza. Aliyefungwa raundi ya kwanza akakata tamaa hupoteza raundi zilizobaki ambazo angeweza kuzishinda.

Andika uhai kwa kalamu, usitegemee dado. Mistari miwili ya wima: wangu, wake. Kila badiliko liandike na sababu yake: 20, 17 Bolt, 16 Alchemist, 13 Skewer. Mkitofautiana, mwenye maandishi ndiye atakayeweza kumweleza mwamuzi jinsi hesabu ilivyokwenda. Kwa deki inayoshinda kwa pointi moja, daftari hilo lina thamani kuliko karata yoyote ndani yake.

Changa karata zako vizuri, kisha mpe mpinzani azichange au azikate. Na wewe zichange zake. Hakuna ubaya hapo, ni haki ya kila mmoja. Sema kwa sauti unachofanya: “Nalaza Alchemist, uko kumi na sita?” Usubiri ajibu. Ukikosea, mwite mwamuzi mwenyewe. Kwenye mashindano ya dukani kazi yake kubwa ni kurekebisha na kufundisha.

Kila raundi ikiisha, kabla hujasimama, rudisha akiba mahali pake na uhesabu 60 na 15. Kuanza raundi inayofuata na Pyroblast iliyosahaulika ndani ya deki ni kosa linaloweza kukugharimu, na mtu wa deki ya dola 45 hana ziada ya kutoa.

Hatua ya 7: Baada ya mashindano

Andika usiku huo huo: ulicheza na deki zipi, mchezo upi ulipotea, na zamu ipi. Baada ya Ijumaa nne utaona sura ya duka lenu. Kwetu kulikuwa na wachezaji watatu wa Affinity kila wiki, ndiyo maana Smash zangu ni nne. Kwenu labda hakuna hata mmoja. Basi mbili zinatosha, na nafasi mbili mpe Electrickery.

Zawadi ikiwa ni pakiti, ukiweza ziuze zikiwa hazijafunguliwa. Ikiwa ni salio la kununulia vitu dukani, usilitumie kuanza deki ghali kwa robo robo. Nunua deki nyingine ya Pauper, kamili, ya rangi tofauti. Utajifunza mchezo kutoka upande wa pili wa meza, na utakuwa na ya kumwazima mtu anayekuja dukani mara ya kwanza mikono mitupu. Kijana yule wa Kikongo alianza na yangu, ikiwa bado ndani ya mifuko yenye majina ya karata niliyokuwa nimeyaandika kwa Kiswahili.